Sauti Yangu Iliyouzwa Ruti

Baraka wangu,

Umeenda kuwaaga wenzako kule ziwani, na mimi nimevuta kigoda mpaka mlangoni ambapo bado kuna mwanga wa kuandikia. Mambo ya sabuni, ya dawa ya malaria, ya kutomwonyesha mtu unapoficha nauli, shangazi yako amekwisha kuyasema na asubuhi atayarudia. Mimi nayaacha. Nataka kukuandikia habari za baba yako mdogo Heri, kwa sababu kesho utalala nyumbani kwake Ruti, kule Mbarara, na huko hakuna mtu wa kukueleza mambo haya isipokuwa yeye mwenyewe. Na yeye ataeleza. Naijua namna yake ya kueleza.

Kipande unakijua. Unajua kwamba zamani Heri alikuwa na kibanda cha video hapa kambini, kwamba kilivunjwa, na kwamba mimi na yeye tulikaa miaka bila kusalimiana. Ulipokuwa ukiuliza nilikujibu kwamba hayo ni ya wakubwa. Sasa unakwenda kula kwenye meza yake, basi nawe umekuwa mkubwa.

Nianze na lililo lake la haki. Baba yako alipofia njiani, tulipokuwa tunatoka Kivu, Heri ndiye aliyechimba. Hatukuwa na jembe. Alichimba kwa panga na kwa mikono. Kisha akakubeba wewe mgongoni mpaka tukaingia Uganda, maana mimi miguu ilikuwa imevimba. Hilo sitamnyima, wala wewe usimnyime. Lakini nimeishi muda wa kutosha kujua kwamba mtu anaweza kukubeba leo na kesho akakukanyaga, na mguu ni uleule.

Hapa Nakivale tulipewa mahali pa kujenga, tukajenga nyumba ya udongo na paa la turubai la shitingi. Heri hakupenda jembe. Alianza kuchukua chumvi na mafuta katika soko la Rwekubo akija kuyauza huku kwenye zoni yetu, akapanda kidogo kidogo mpaka akanunua televisheni, jenereta na deki ya kanda. Akasimamisha kibanda cha miti, akakizungushia mablanketi ili giza liingie hata mchana. Picha zilikuwa za Kiingereza, za ngumi na bunduki. Watu waliingia mara moja wakachoka. Bunduki walizijua vizuri kuliko wale wachezaji.

Siku moja akarudi kutoka Mbarara na sanduku zuri la kanda. Mwenye duka alimwuzia kwa bei ya kutupa, kwa sababu kanda zote zilikuwa za Kifaransa na hakuna Mnyankole aliyezitaka. Akaniletea.

"Shemeji, wewe ulisoma Uvira. Hapa banaandika nini?"

Nikamsomea. Ulikuwa mchezo wa zamani wa televisheni huko Ulaya, wa watu wanaosafiri kwa chombo kati ya nyota. Juu ya sanduku walikuwa wameandika kwamba kwa mara ya kwanza sehemu zote zimetolewa katika kanda, ili kila mtu azitazame nyumbani kwake. Heri alicheka. "Nyumbani kwake," akasema. "Sasa siye tutazamie wapi, fasi gani?"

Basi nikawa mtafsiri. Nilikaa kwenye kiti kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, wewe umelala mgongoni kwangu. Wale watu wa mchezo waliongea Kifaransa, mimi nikaongea Kiswahili juu yao. Niliwafanya wote: Kapteni, daktari, mpishi mzee, na yule msichana mwenye ngozi ya kijani aliyekuwa akilia bila machozi. Kila mmoja nilimpa sauti yake. Mpishi nilimpa sauti ya babu yangu wa Fizi.

Mwanangu, ule mchezo ulikuwa wa mbao. Ukuta wa chombo ulitikisika mtu akifunga mlango, na mawe ya nchi za mbali yaliruka mtu akiyagusa kwa mguu. Watu waliona, wakacheka, wakaendelea kutazama. Maana habari yake ilikuwa hii: nchi ya wale watu ilikuwa imeungua, na wao walikuwa wakizunguka wakitafuta pa kushuka. Kila walipofika waliulizwa, nyinyi ni nani, mmetoka wapi, mtakaa mpaka lini. Hapo watu waliacha kucheka. Watu wakaacha kuuita kwa jina la Kifaransa, wakauita Batu ba Nyota. Wachuuzi wa Rwekubo nao wakaanza kuja, hata wachungaji wa ng'ombe kutoka Ngarama. Wasiojua Kiswahili vizuri walikuwa wakiniuliza katikati ya maneno, "Wewe mama, huyu mtu wa nyota anasema nini?" nami nawarudia polepole.

Koko Marta, yule bibi aliyekuwa jirani yetu upande wa kisima, hakukosa hata mara moja. Watoto wake wote alikuwa amewaacha ardhini kule Kongo. Kila mchezo ulipoisha alinishika mkono. "Mama Baraka, hawa batafika?" Nami nikamjibu, "Tuvumilie koko, kanda bado ziko."

Sikuwa nimepata kazi iliyonikaa vile tangu nizaliwe. Watu waliokuwa wakiniita mjane wa marehemu fulani walianza kuniita Mama Sauti. Nakuambia hili ili uelewe kilichochukuliwa. Sabuni na unga alivyokuwa akinipa Heri havikuwa kitu.

Kisha ukaugua kifua, nikakupeleka hospitali Mbarara. Walipotupa ruhusa nilikwenda Ruti kumtafuta mwanamke wa kwetu aliyekuwa akiishi huko, nikapita mbele ya duka moja la kanda. Ndani ya duka nikajisikia mimi mwenyewe nikiongea.

Nilisimama. Nilikuwa nikimwambia Kapteni asizime taa ya nje, labda kuna wenzetu wamebaki nyuma. Nilikumbuka mpaka siku niliyoyasema yale maneno, mvua ilikuwa inanyesha, na kwenye kanda mvua ilisikika. Nikaingia. Kanda zilikuwa zimepangwa ukutani, na juu ya kila moja kulikuwa na picha ya Heri amevaa miwani ya jua, na jina lake kwa herufi kubwa: mtafsiri.

Nikamwuliza mwenye duka, kijana wa Kiganda, "Huyu anayeongea ni nani?"

"Ni huyo bwana wa kwenye picha, nyabo, mama. Hodari sana huyo. Kanda zake zinafika mpaka Kampala."

"Lakini hii ni sauti ya mwanamke."

"Anageuza na mashine," akasema. "Alituambia mwenyewe. Iko na mashine ya kugeuza sauti."

Pale kibandani kulikuwa na deki mbili. Heri alikuwa ameniambia ya pili ni ya akiba, ya kwanza ikiharibika. Kumbe ilikuwa ikinirekodi.

Nilirudi nikamwuliza mbele ya mlango wake. Hakukana. Hakuona hata sababu ya kukana. Alicheka, akanishika bega kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Shemeji, sauti ni upepo. Ikishatoka mu kinywa, ni ya nani?"

"Ni yangu. Andika jina langu."

"Nani atanunua jina la mwanamke wa kambini? Batu banataka mwanaume mwenye miwani. We ongea, mi nauza, bote tunakula."

Nikamwambia basi, sitaongea tena mpaka jina langu liandikwe. Hapo ndipo cheko lilipokoma.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa waliniita. Mzee Simeoni ndiye aliyezungumza, akitazama Biblia yake iliyofungwa. Walikuwa wamesikia kwamba mimi, mjane, nakaa gizani katikati ya wanaume, naongea maneno ya viumbe wasioumbwa na Mungu. Nikauliza nani amesema. Heri alikuwa ameketi palepale, kwenye benchi la pili. Akasimama akasema kwa huzuni, "Mimi ni ndugu ya mume wake. Nilimuonya mara mingi." Mwenye kibanda ni yeye, Baraka. Mablanketi ya kuleta giza aliyatundika yeye. Wazee wakatikisa vichwa, wakanikataza Meza ya Bwana, wakaniondoa katika kwaya ya akina mama. Hakuna aliyemwuliza yeye neno.

Na kibanda hakikufungwa. Heri alikuwa na kanda alizorekodi. Aliziweka, watu wakaingia, na mimi nikaendelea kuongea mle ndani bila kuwepo. Nilikuwa napita na dumu la maji kichwani na kujisikia nikichekesha watu. Siku moja ulikuwa unatembea kando yangu, umeshika kitenge. Ukasimama ukaonyesha kidole. "Mama," ukasema, "uko mule ndani." Nilikuvuta kwa nguvu mpaka ukalia. Nadhani ni siku hiyo niliyoamua, ingawa sikujua bado nimeamua nini.

Heri alikuwa amebakiza kanda moja, ya mwisho. Alikuwa ameiweka kwa ajili ya sikukuu ya mwaka mpya, na mimi nilikuwa nimegoma kabla hatujaifikia. Akajaribu kijana mmoja aliyesoma Kifaransa cha darasani. Watu walimzomea akashuka. Walitaka Mama Sauti. Walitaka kujua kama wale watu watafika.

Basi Heri akaja kwangu na Mzee Simeoni. Mzee akasema wazee wameomba, na Bwana amewaonyesha kwamba adhabu yangu imetosha.

"Bwana amewaonyesha lini?" nikauliza.

"Juma hili."

Nikatazama chini ili wasione uso wangu. Nikakubali. Niliomba kitu kimoja, kuitazama kwanza ile kanda peke yangu, ili nisikosee maneno. Heri akafurahi sana. Aliniwashia jenereta asubuhi, akaniacha. Kwa hiyo katika kambi hii yote, mimi ndiye niliyeuona mwisho wa ule mchezo. Niliutazama, nikalia. Kisha nikajifuta, nikaanza kutafuta mahali ndani yake patakaponiruhusu kuingiza kisu.

Siku yenyewe watu walijaa baada ya ibada. Wazee waliwekewa viti mbele. Kulikuwa na wageni wawili kutoka Mbarara ambao Heri alitaka wamwone akiwa bwana mkubwa. Yeye alikaa kando ya deki zake mbili, amevaa ile miwani gizani, anarekodi.

Nilitafsiri kwa haki mpaka katikati. Ninajivunia hilo, nilikuwa na sauti nzuri siku ile. Kisha pakafika mahali ambapo Kapteni anamwita rubani wake na kumwuliza kwa muda mrefu kuhusu njia na mafuta. Kapteni alikuwa na uso wa hasira. Hapo ndipo nilipoacha Kifaransa.

"Rubani," nikasema kwa sauti ya Kapteni, "kaka yako alikufa njiani. Ulimzika kwa mikono yako, nasi tulikuheshimu. Mjane wake vita vilimnyang'anya nyumba, mume na mashamba. Kitu kimoja tu kilimbakia, sauti yake. Ukamwambia aongee. Ukaificha mashine nyuma ya mashine. Ukaipeleka sauti yake sokoni, ukaweka juu yake picha yako mwenyewe na miwani."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akanyamaza.

"Na alipodai jina lake," nikaendelea, "ulikwenda kwa wazee ukasema ni mwanamke wa gizani. Wazee walikuamini. Rubani, giza lile nani alilitundika?"

Niliona vichwa vikigeuka. Havikunigeukia mimi, vilimgeukia yeye. Mchuuzi mmoja wa Rwekubo akauliza kwa sauti, "Anasema nani huyo? Anasema huyu wa deki?" Na watu wakamjibu, ndiyo, huyu wa deki. Mzee Simeoni alikuwa ameinamisha kichwa kama anayetafuta kitu alichoangusha. Wageni wa Mbarara wakamtazama Heri, na mmoja wao akamwambia, "Bwana, si ulisema ni mashine?"

Heri akang'oa waya wa jenereta.

Katika lile giza nilisikia benchi la kwanza likivunjika. Sikuwatuma. Lakini pia sikusema neno la kuwazuia, na kipaza sauti, hata kikiwa kimezimwa, bado nilikuwa nimekishika, na wote walikuwa wakiijua sauti yangu bila kipaza. Walivunja viti, wakachana mablanketi, deki zikatupwa nje. Kanda ya mwisho ikafunguka, utepe wake ukaburutwa kwenye tope na miguu ya watu. Heri alikimbilia nyumba ya mzee mmoja akiwa na shati lililochanika. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amehamia Mbarara na mke wake.

Nilifurahi, Baraka. Sitaki kukudanganya katika barua hii. Nililala kama mtu aliyeshiba. Mpaka leo nikikumbuka ule uso wake bila miwani, chakula kinateremka vizuri. Watu wengine watakuambia kwamba kisasi hakina ladha. Hao hawajakionja, au walionja cha mtu mwingine. Changu kilikuwa kitamu.

Lakini asubuhi Koko Marta alikuja. Alikuwa ameteguka mkono katika ile vurugu, ameufunga na kitambaa. Hakunilaumu. Aliketi palepale ninapoketi sasa.

"Mama Baraka, Heri ulimupata vizuri," akasema. "Sasa niambie. Bale ba mu chombo, balifika?"

Nilijua. Ni mimi peke yangu niliyejua. Ningeweza kumsimulia yote kwa sauti zao, Kapteni na mpishi na msichana wa kijani, asubuhi ile ile, bila televisheni. Lakini bado nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha hakimu na sikutaka kushuka niwe mtafsiri tena. Kumwambia kungegeuza siku yangu kuwa siku ya wale watu wa nyota. Nikamwambia, "Sijui, koko. Kanda ilikatika kabla ya fasi ile."

Akasema, "Haya." Akainuka, akaenda. Mvua za mwaka ule hakuzimaliza, kifua kilimchukua. Wengine nao waliniuliza, nikawajibu lilelile, mpaka wakaacha kuuliza.

Heri nilimlipa, na sina toba juu ya Heri. Koko Marta hakuwa amenikosea kitu. Watu wote wale walikuwa wamengoja pamoja nami, na mimi nikachukua mwisho wao nikaufanya jiwe la kumpigia mtu mmoja. Jiwe lilifika. Wao walibaki mikono mitupu. Ukitaka kujua mama yako hukosa usingizi kwa ajili ya nini, si kwa ajili ya kibanda.

Nakusimulia wewe mwisho wenyewe, wa kwanza kuusikia. Walifika. Nchi yao ilikuwa imeota majani tena. Walipokaribia wakaona moshi wa majiko na watoto wakikimbia, watu wengine wamehamia humo, wamezaa humo, hawajui kwamba kulikuwa na wenyeji. Kapteni alitazama kwa muda mrefu. Rubani akamwuliza, tuwafukuze? Akajibu, hapana, teremsha chombo kwenye ule uwanda mtupu upande wa pili wa mto, na asubuhi twende tukawaombe chumvi. Ikaishia hapo. Sijui kama walipewa.

Sasa kuhusu kesho. Heri alikuja hapa mwenyewe, uliona. Uliona gari dogo, suti, na mkate mkubwa aliotuletea. Wewe ulitumwa soda, ndiyo sababu hukusikia. Alisema amesikia umepata nafasi ya kujifunza umeme Mbarara, na kwamba mtoto wa kaka yake hawezi kupanga chumba akiwa yeye yupo. Nilisubiri neno lingine. Alizunguka mbali akasema, "Shemeji, bile bya zamani byote biliisha."

"Kwako," nikamwambia.

Akacheka. Kisha akaanza kumsimulia shangazi yako, ambaye siku ile hakuwepo, mimi nikiwa palepale, jinsi siku moja mimi nilivyopandwa na wazimu nikamfanya rubani. Aliigiza sauti yangu. Aliigiza vizuri, ana kipaji huyo mtu. Shangazi yako akacheka, na machozi yakamtoka kwa kucheka. Nikaelewa kwamba anavyoisimulia Ruti ndivyo hivyo, ni hadithi ya shemeji kichaa, na mashine haimo, wala miwani, wala benchi la pili kanisani. Kwa mara ya pili amechukua maneno yangu akaweka uso wake juu.

Nilifikiri kukukataza kwenda. Nilifikiri usiku na mchana. Lakini chumba cha kupanga hatukiwezi, na sitakunyima umeme wako kama nilivyomnyima Koko Marta mwisho wake. Kwa hiyo utakwenda. Mke wake hana kosa, mheshimu kama mimi. Yeye Heri msalimie vizuri, mwite baba, mbebee mzigo, kwa sababu naye alikubeba. Wala usimsamehe kwa niaba yangu. Watu wa kanisani huko wataona mnavyoishi vizuri watasema damu imerudiana, na utaona ni jambo zuri kuitikia. Usiitikie. Msamaha huo si wako kuutoa.

Sikutumi umlipe chochote. Usiguse kitu chake, usibishane naye, usimsahihishe mbele ya watoto wake. Lakini jioni moja, wakiwa wamemaliza kula na kuna mgeni, ataegemea kiti na kuanza ile hadithi. Ataigiza sauti yangu. Mezani wote watacheka, na yeye atakutazama wewe, maana cheko lako ndilo analolitaka kuliko mengine yote.

Hapo, mwanangu, wewe usicheke.

Mama yako